Marumaru: Siri ya jiwe linalopikwa na kupitiwa na maji

Kata ndimu ya kachumbari juu ya kaunta ya marumaru, kisha acha tone moja lilale hapo hadi asubuhi. Ukipangusa utakuta alama ya duara iliyofifia, haing'ai kama sehemu nyingine. Utasugua kwa sabuni, utasugua kwa maji moto, utabadilisha kitambaa, na alama itabaki pale pale. Sababu ni kwamba hakuna uchafu wa kutoa. Ndimu imekula jiwe lenyewe, ikaondoa ngozi yake ya juu.

Sasa jiulize: jiwe hili lililoshindwa na tone la ndimu liliwahi kukaa ardhini kwenye joto la zaidi ya digrii 600, na mlima mzima ukiwa mgongoni. Mbona lilivumilia hayo yote halafu likashindwa na kachumbari?

Jibu liko katika mambo mawili. La kwanza ni jinsi fuwele zake zilivyokua, yaani zile punje ndogo zinazometa ukivunja jiwe. La pili ni vitu vilivyopita katikati ya punje hizo: maji, gesi na chumvi. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoipa marumaru rangi na mistari yake. Ndiyo yaliyoweka vito vya kijani chini ya udongo wa Taita Taveta. Na ndiyo yanayoamua kama jiwe utakalobandika ukutani litadumu au litakuaibisha baada ya miaka michache.

Kwa hivyo usiseme hii ni jiografia ya Kidato cha Pili uliyokwisha kuiacha. Kuna chapaa ndani yake, na kuna hasara pia.

Lilianzia majini

Umewahi kutembea Fort Jesus? Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na kuta zake ni za matumbawe. Ukiziangalia kwa karibu utaona vishimo na alama za viumbe wa baharini. Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale wa Mombasa pia zimejengwa kwa jiwe hilo. Kule Bamburi, kiwanda cha saruji kimekuwa kikitumia mawe hayo ya pwani tangu miaka ya 1950.

Jiwe la matumbawe na marumaru ni ndugu wa damu. Yote mawili ni chokaa, mchanganyiko wa kalsiamu, kaboni na oksijeni ambao ukijipanga kwa utaratibu fulani hutengeneza madini yanayoitwa kalsaiti. Tofauti ni historia. Matumbawe ya pwani ni jiwe changa ambalo halijawahi kuonja moto wa ardhini. Marumaru ni chokaa iliyozikwa, ikabanwa na kupikwa.

Upishi wa marumaru ya huku kwetu ulifanyika kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita. Wakati huo kulikuwa na bahari ambayo leo haipo kwenye ramani yoyote, katikati ya vipande viwili vikubwa vya bara. Vipande hivyo vilisogeleana hadi vikagongana, bahari ikafungika, na matope, mchanga na chokaa vilivyokuwa chini yake vikasukumwa kwenda kina cha zaidi ya kilomita 15. Juu yake ikainuka milima. Milima hiyo imekwisha kuliwa na mvua na upepo, na mizizi yake ndiyo tunayoikanyaga leo.

Wanajiolojia huuita ukanda huo Ukanda wa Msumbiji. Unapitia Msumbiji, Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini. Ukiwa Kajiado, Kitui, Taita Taveta au Pokot Magharibi, uko juu ya masalio yake. Ndiyo maana huko kote unakuta mikanda ya marumaru imelala katikati ya miamba mingine, na ndiyo maana Kajiado kumekuwa na machimbo ya marumaru kwa miaka mingi.

Jambo moja la kukumbuka: chokaa hiyo haikutokana na makombe wala konokono, kwa sababu wanyama wenye magamba walikuwa bado kuenea baharini. Ilitokana na kemia ya maji na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Usipoteze muda kutafuta kombe ndani ya marumaru ya Kajiado, hutalipata.

Povu kwenye beseni

Hebu tuingie ndani ya jiwe lenyewe. Chokaa ya kawaida ina punje ndogo sana za kalsaiti, nyingi hata huwezi kuziona bila darubini. Marumaru ukiivunja inameta kama sukari, punje zake unaziona kwa macho. Zilikuaje?

Siku ukifua nguo, tazama povu kwenye beseni. Mwanzoni ni viputo vingi vidogo. Kaa dakika chache, utaona vile vidogo vinapotea na vile vikubwa vinazidi kuwa vikubwa. Hakuna aliyeongeza sabuni. Hewa ya viputo vidogo inahamia kwa vikubwa, kwa sababu povu lenye viputo vichache vikubwa lina kuta chache, na kuta hugharimu nguvu. Maumbile hayapendi gharama ya bure.

Punje za kalsaiti hufanya vivyo hivyo zikipata joto la kutosha. Atomu kwenye ukingo wa punje ndogo huhama na kujipanga upande wa jirani mkubwa. Mkubwa anamla mdogo, taratibu, kwa muda mrefu mno. Jiwe halijayeyuka. Limebaki gumu wakati wote, ila ndani yake mipaka inasogea kama ua la shamba linalohamishwa usiku na jirani mwenye tamaa.

Jiwe likipewa joto la muda mrefu bila kusumbuliwa, mipaka hiyo hunyooka. Ukikata kipande chembamba na kukitazama kwa darubini utaona punje zenye pande zilizonyooka, tatu tatu zikikutana kwa pembe ya karibu digrii 120, kama sega la nyuki au lile povu lako. Jiwe likiendelea kubanwa na kusukumwa huku likipikwa, mipaka hubaki na meno meno, punje zikaumana kama zipu. Weka tofauti hiyo akilini. Kuna jumba huko Marekani liligharimika mamilioni ya dola kwa ajili yake, tutafika.

Si punje zote hupata nafasi ya kukua. Chokaa ikiwa na takataka ndani, kwa mfano vipande vya mika au grafiti, ile kaboni nyeusi ya penseli, takataka hizo husimama kwenye mipaka na kuizuia isisogee. Ndiyo maana katika jiwe moja unaweza kukuta mkanda mweupe wenye punje kubwa, na kando yake mkanda wa kijivu wenye punje ndogo. Ule wa kijivu ulikuwa na matope yenye mabaki ya viumbe. Joto lilipokuja mabaki hayo yakageuka grafiti, na grafiti ikafunga mlango. Ile mistari ya kijivu inayowafanya watu walipe zaidi dukani ni matope ya kale.

Maji yanapopata njia

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba jiwe limefungwa ndani ya chungu chenye kifuniko. Ukweli ni kwamba chini huko kuna maji. Udongo wa mfinyanzi uliozikwa pamoja na chokaa hubeba maji ndani ya madini yake, na ukipashwa joto huyaachilia. Kwa joto na mgandamizo wa kina hicho, maji hayo si maji kamili wala mvuke kamili, ni kitu cha katikati, chepesi kupenya na chenye njaa ya kuyeyusha. Yanachanganyika na gesi ya kaboni, ile inayotoa mapovu kwenye soda, na mara nyingine na chumvi nyingi.

Mchanganyiko huu unapita wapi na jiwe halina matundu? Unapita kwenye mipaka ya punje na kwenye nyufa. Lakini marumaru haimpokei kila mgeni. Maji yasiyo na chumvi huwa yanajikunja na kukaa kama vishanga vilivyotengana kwenye kona za punje za kalsaiti, hayaungani kuwa mfereji. Ni kama maji juu ya jani la nduma, yanabingirika bila kuliloweka. Maji yenye chumvi nyingi hutambaa vizuri zaidi kati ya punje, yakaunganisha kona moja na nyingine na kujifungulia njia. Kwa hiyo mkanda mmoja wa marumaru unaweza kukaa mamilioni ya miaka bila kuguswa, na wa jirani yake ukabadilishwa kabisa.

Yakishapata njia, maji hayatoki mikono mitupu. Yanaleta silika, kitu kilekile kinachotengeneza mchanga. Silika ikikutana na kalsaiti kwenye joto kali, viwili hivyo hugeuka kuwa madini mapya meupe yanayoitwa wolastonaiti, ambayo viwanda vya vigae na vyombo vya udongo huyatumia. Gesi ya kaboni nayo hutoka na kwenda zake.

Jambo linalostaajabisha ni kwamba madini mapya huchukua nafasi ndogo kuliko yale ya zamani yakijumlishwa. Nafasi inayopungua ni karibu thuluthi moja. Kukiwa na nafasi, maji zaidi huingia, na maji yakiingia, mabadiliko huzidi. Mlango unajifungua wenyewe ukishaguswa.

Kama chokaa ya mwanzo ilikuwa na magnesiamu ndani, matokeo ni mengine. Hapo huzaliwa madini ya kijani kibichi au kijani cha majani makavu, na baadaye maji yakirudi jiwe likiwa limepoa, baadhi yake hugeuka kuwa madini laini yanayoteleza kama sabuni. Marumaru ya kijani unayoiona kwenye sebule za hoteli ina hadithi ya aina hiyo. Ile nyeupe tupu ndiyo iliyokuwa safi tangu baharini, au iliyokataa wageni.

Kijani cha Tsavo

Hapa ndipo hadithi inapogusa mfuko. Chukua mapishi haya: kalsiamu kutoka kwa chokaa, aluminiamu kutoka kwa mfinyanzi, silika kutoka kwa mchanga. Ongeza chembe kidogo ya vanadiamu, metali iliyokuwa imejificha kwenye yale matope meusi yenye mabaki ya viumbe. Pika kwa joto la kutosha, na maji yenye chumvi yakizunguka. Utapata kito cha kijani kinachong'aa kuliko zumaridi nyingi: tsavoraiti.

Mwanajiolojia kutoka Scotland, Campbell Bridges, alikiona kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1967. Hakuruhusiwa kukitoa nchini humo, akafuata mikanda ya miamba ileile kuvuka mpaka, akakipata Taita Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tazama alichofanya. Hakupiga ramli wala kuzurura porini akibahatisha. Alijua ni aina gani ya miamba inayozaa jiwe hilo, akajua miamba hiyo haikomi kwenye mpaka wa serikali mbili, akaifuata. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani ilikitangaza kito hicho kwa jina la mbuga yetu ya Tsavo.

Ukanda huohuo ndio unaobeba tanzanaiti ya Mererani, kule Manyara nchini Tanzania. Nayo ilizaliwa kwenye miamba yenye grafiti iliyokaa karibu na marumaru, na rangi yake ya samawati hutokana na vanadiamu. Mwaka wa 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliwauzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti yenye uzito wa jumla wa zaidi ya kilo 14, akalipwa zaidi ya Sh7.7 bilioni za Tanzania. Na mbali kabisa na kwetu, huko Mogok nchini Myanmar, rubi nyekundu zenye sifa duniani kote huchimbwa ndani ya marumaru nyeupe. Mapishi hubadilika kidogo, jungu ni lilelile.

Watafiti waliochunguza vito vya kijani vya ukanda wetu wamekuta ndani ya baadhi yake mabaki ya chumvi za bahari iliyokauka zamani. Hapo vipande vinaungana: bahari ilikauka mahali pa kina kifupi, ikaacha chumvi juu ya matope, chumvi ikayapa maji uwezo wa kupenya, na maji yakabeba viungo vya kito hadi vikakutana. Bila chumvi ile, huenda mtaa wa mabroka wa Voi usingekuwepo.

Ndiyo maana wachimbaji wazoefu wa Taita hufuata mkanda wa grafiti. Hawakuusoma chuoni, waliurithi kwa macho na mikono. Wanajua jiwe jeusi linalochafua vidole likionekana karibu na marumaru, ni vyema kupunguza mwendo na kutazama vizuri.

Wanajua pia hatari yake. Njia iliyopasuka na kupitisha maji ya vito mara nyingi ndiyo sehemu dhaifu ya mwamba. Kinachokuvuta kuingia shimoni ndicho kinachoweza kukuangukia. Na hatari haitoki kwa mawe peke yake. Bridges mwenyewe aliuawa mwezi wa Agosti 2009 huko Taita Taveta, aliposhambuliwa na kundi la watu wakati wa mzozo wa kugombania eneo la machimbo. Jiwe lisilofika hata saizi ya punje ya maharagwe linaweza kuamsha mambo mazito.

Jumba lililojikunja

Turudi kwenye ile mipaka ya punje, iliyonyooka na yenye meno. Mapema miaka ya 1970 mjini Chicago, Marekani, lilikamilishwa jumba la ghorofa 83 la kampuni moja ya mafuta. Lilivalishwa nje marumaru nyeupe ya Carrara, Italia, marumaru yenye jina kuliko zote. Vipande kama 43,000, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban sentimita 3 tu. Lilikuwa jumba la kupigiwa mfano.

Baada ya muda vipande vikaanza kujikunja kama mkate uliosahauliwa juani. Vingine vikapasuka. Ikabidi vyote vitolewe, na kati ya mwaka wa 1990 na 1992 jumba likavishwa upya kwa graniti. Gharama ilizidi dola milioni 80.

Huko Helsinki, Finland, ukumbi wa Finlandia uliofunguliwa mwaka wa 1971 ulipatwa na yayo hayo. Marumaru yake ya Carrara ilijikunja, ikabadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa marumaru ya aina ileile, nayo ikajikunja tena. Katika ukarabati wa juzi wakaamua kuchukua marumaru ya machimbo mengine.

Kulikoni? Kalsaiti ina tabia ya ajabu. Ukiipasha joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine. Sasa fikiria punje milioni zilizobanana, kila moja imeelekea kwake. Jua likiwaka, huyu anasukuma, yule anajivuta, kama abiria wa matatu iliyojaa kupita kiasi, kila mtu akijaribu kugeuka wakati mmoja. Jua likizama, wanarudi. Kesho tena. Baada ya maelfu ya siku mipaka huanza kuachana. Maji ya mvua huingia mle mle yalimopita maji ya kale, na kipande chembamba hakina unene wa kuvumilia. Kinajikunja.

Marumaru yenye mipaka iliyonyooka, ile ya mfano wa povu, ndiyo huumia haraka zaidi. Nyuso laini mbili huachana kirahisi. Yenye mipaka ya meno meno hushikana kwa muda mrefu. Kwa macho ya mnunuzi zote ni nyeupe, zote zinapendeza, na muuzaji atakuambia zote ni daraja la kwanza. Jinsi fuwele zilivyokua ardhini mamilioni ya miaka iliyopita, ndiyo imeamua kama ukuta wako utasimama wima.

Kabla hujamlipa fundi

Labda hujengi ghorofa 83. Labda unasaidia mzazi kumalizia nyumba ushago, au unafungua saluni na unataka kaunta ya kuvutia wateja. Elimu hii inakufaa hivi.

Kwanza, hakikisha ni marumaru kweli. Vitu vingi sokoni vinavyoitwa marumaru ni vigae vya poseleni vilivyochapishwa mistari. Si vibaya, vingine ni vigumu kuliko marumaru halisi, lakini usilipie jina. Tazama ubavuni mahali kilipokatwa: kama mistari imekaa juu tu na ndani ni rangi moja, ni chapa. Kwa jiwe halisi mistari huingia hadi upande wa pili.

Pili, tumia kisu na siki. Chukua kipande cha masalio, si ile kaunta iliyokwisha kung'arishwa ya mtu. Ncha ya kisu hukwaruza marumaru kwa urahisi, huku graniti nzuri ikiitazama tu. Kisha dondosha siki juu ya unga wa ule mkwaruzo. Ukiona mapovu madogo, ni chokaa. Gesi inayotoka hapo ni kaboni ileile iliyofungwa ndani ya jiwe tangu lilipokuwa tope la bahari. Mapovu yakiwa hafifu sana na yakitokea kwenye unga peke yake, huenda ni marumaru yenye magnesiamu, ambayo hupambana na asidi vizuri kidogo.

Tatu, jua kazi ya kila jiwe. Jikoni, mahali pa ndimu, nyanya, siki na soda, graniti itakupa amani. Marumaru iweke sebuleni, kwenye meza ya mapokezi, kwenye ngazi za ndani. Ukiipenda sana jikoni, basi kubali kwamba itapata makovu. Ile dawa ya kuziba ambayo fundi hupaka huzuia chai na mafuta kupenya kwenye mipaka ya punje, lakini haizuii asidi kula uso wa jiwe. Akikuambia inazuia yote, anakuchezea.

Nne, usitumie dawa za choo zenye asidi kuoshea sakafu ya marumaru, hata kama zinatoa uchafu upesi. Zinatoa uchafu pamoja na sakafu. Maji na sabuni laini yanatosha. Na alama za ndimu zilizokwisha kuingia dawa yake ni msasa na kung'arishwa upya na mtu anayeijua kazi.

Tano, ukitaka marumaru ukuta wa nje unaopigwa na jua mchana kutwa, usikubali vipande vyembamba eti kwa sababu ni nafuu. Uliza jiwe limetoka machimbo gani na kama liko ukutani mahali pengine kwa miaka kadhaa. Nenda ukalione. Simama pembeni ya ukuta utazame kama vipande vimenyooka.

Na upande wa pesa

Tatizo letu Kenya si kukosa mawe. Tunauza mawe tusiyoyajua. Kijana anatoka shimoni na kipande cha kijani, broka anakitazama dhidi ya jua, anataja bei, mambo yanaisha hapo kando ya barabara. Kito safi cha tsavoraiti kinachozidi karati 3 ni nadra, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Katika biashara ya uzito mdogo hivyo, asiyejua ndiye anayemlipia anayejua.

Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa nafasi ya kuomba kibali. Inasema pia mrabaha wa madini ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi madini yanapochimbwa. Bila kibali huna pa kusimama ukidhulumiwa, na kuuza mawe kiholela kunaweza kukuweka pabaya na sheria. Mjini Voi kuna kituo cha vito kilichojengwa ili mawe yapimwe, yakatwe na kung'arishwa hapa nyumbani badala ya kusafirishwa yakiwa ghafi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha uhandisi wa madini, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina somo la jiolojia. Hizo ni kozi ambazo wengi huziruka kwenye fomu wakikimbilia zile zenye majina ya mjini.

Lakini hata kabla ya chuo, anza na kipande cha jiwe. Ukipita kwenye karakana ya kukatia mawe, omba kijipande kilichotupwa, hutanyimwa. Kivunje, ukielekeze kwenye mwanga. Tazama punje ni kubwa au ndogo. Tafuta mkanda wa kijivu ujiulize kwa nini punje zake hazikukua. Tafuta kaufa kenye rangi tofauti, kwa sababu hapo kuna kitu kilipita. Ukishazoea kuona hivyo, hakuna muuzaji wa marumaru wala broka wa vito atakayekuzungusha kirahisi.